Sita za Kazi, Nne za Mali

Niseme kwanza ujinga wenyewe, kabla hujausikia kwa mtu mwingine akiwa ameutia chumvi. Mwaka jana, nikiwa darasa la tano la sekondari, Jumamosi moja mchana kweupe, akili zangu zote zikiwa kichwani, nilishika msumari nikaandika juu ya matofali mabichi ya mama yangu. Si tofali moja, ni safu na safu. Katika kila matofali kumi, sita niliyaandika KAZI na manne nikayaandika MALI, kwa herufi kubwa zilizonyooka kuliko zote nilizowahi kuandika darasani. Nilipomaliza nilisimama kando nikayatazama, nikacheka peke yangu mpaka mbuzi wa jirani akaacha kula. Mama alikuwa amenituma kitu kidogo tu: pitisha kidole, chora mistari miwili kwenye matofali saba ya kila kumi, yale matatu yaache bila alama, rudi nyumbani. Mistari miwili. Mtoto wa chekechea angeweza.

Ninayaandika haya kwenye salon, yaani sebule, ya nyumba yetu ya mtaa wa Kasungami, juu ya kiti kirefu ambacho ndicho kitanda changu. Nyumba ina salon, chumba cha mama, na chumba cha wadogo zangu wawili wa kike. Chumba changu kipo pia. Ukitaka kukiona toka nje, zunguka nyuma: kuta zake zimefika kiunoni. Juma lililopita tulipiga jembe la mwisho kwenye kiulu, kile kichuguu cha mchwa kilichokuwa kimesimama katikati ya kiwanja chetu, kirefu kuliko nyumba yenyewe. Sasa mahali pake ni tambarare, na wadogo zangu wameshapanda matembele. Nilipopaona patupu nilisahau kutania, mimi ambaye kwenye misiba hutolewa nje kwa sababu ya kucheka. Udongo wa kile kiulu ndio kuta zetu. Ndio kuta za watu wengine pia, na hapo ndipo penye hadithi. Habari za babu yangu wa reli sitakusimulia. Hapa Lubumbashi kila familia iliyotoka kaskazini ya Katanga ina babu wa reli au babu wa mgodi, wote walikuwa wachapakazi, na kwenye picha wote wamevaa kofia. Chukua yeyote umweke hapo, tuendelee.

Mwaka ule ulitukuta tukiwa bado wapangaji. Vyumba viwili kwenye kiwanja cha mtu, ukuta mmoja tukichangia na mama fulani aliyekuwa akiomba kwa sauti kiasi kwamba tulijua dhambi za ukoo wake wote kwa majina. Mimi, mwanaume wa miaka kumi na saba mwenye sauti nzito, nililala nyuma ya pazia pamoja na gunia la unga na baiskeli isiyo na mnyororo. Nikigeuka, gunia linageuka. Mwenye nyumba akatuletea habari kwamba mtoto wake anaoa na anavitaka vyumba vyake kabla ya mvua kuanza. Mama hakulia wala hakubembeleza. Alikuwa amekwisha kununua kiwanja Kasungami, kidogo kidogo, na alikipata kwa bei rahisi kwa sababu ya kile kiulu: nani anataka kiwanja ambacho nusu yake ni mlima wa mchwa? Watu wa kanisani walimcheka, wakisema amenunua nyumba ya wadudu. Nakumbuka vile alivyowajibu pale nje ya kanisa, huku akifunga kitenge vizuri: "Mweye munaona kiulu. Miye niko naona nyumba." Vyumba vitatu na salon, alisema. Kimoja chake, kimoja cha wasichana, kimoja changu, chenye mlango unaofungwa. Sijui kama unaelewa maana ya mlango unaofungwa kwa mtu anayelala na gunia.

Mama ni mpishi. Anapikia familia moja ya Golf, mtaa wa matajiri, kwenye villa yenye bustani ambayo inamwagiliwa maji hata siku sisi tunapokosa ya kunywa. Anatoka asubuhi kabla hatujaamka, anarudi jioni, na kutoka kule haleti nyama wala mkate, analeta maneno. Chakula chetu cha jioni mwaka ule kilikuwa bukari, ule ugali wetu, mboga ya lengalenga, na habari za Golf. Anasonga bukari huku akimwigiza patron wake, yaani bosi, mdomo umejaa, akimwambia mgeni kwamba mwaka huu wafanyakazi wamekuwa ghali sana, ghali, ghali, na kila "ghali" moja inapita na kipande cha kuku. Sisi tunacheka mpaka jirani wa maombi anagonga ukuta. Nilidhani ucheshi wangu nimejifundisha mwenyewe. Leo nikimsikiliza mama akisonga bukari najua nilipouiba.

Basi mwezi wa tano Monsieur Ilunga akaingia darasani kutufundisha uchumi. Ni mtu mfupi mwenye koti moja, na chaki huishika kama sigara anayotaka kuivuta. Siku ile hakufungua kitabu. Alichora duara kubwa ubaoni akasema hili ni beseni la bukari. Ndani yake kuna kila kitu ambacho nchi imekipata kwa mwaka mzima. Sasa mikono inaingia. Mkono wa kwanza ni wa wale wanaofanya kazi. Unachukua mishahara na posho. Mkono wa pili ni wa wale wenye vitu: mashine, ardhi, nyumba, pesa za kukopesha, unachukua faida, kodi ya nyumba, riba. Lile tonge linaloingia mkono wa kwanza, akasema, linaitwa sehemu ya kazi katika pato la taifa. Mimi bila shaka nilinyoosha kidole nikauliza kama ule mkono wa tatu, unaoingia wakati wengine wanapepesa macho, nao uko kwenye mchoro. Darasa lilianguka kwa kicheko. Monsieur naye alicheka, ndiyo shida yake, kisha akasema huo ni wa juma lijalo.

Halafu akakata duara: sehemu sita kwa mkono wa kwanza, nne kwa wa pili. Akatuonya tusithubutu kuandika kwamba hizo ni namba za nchi yetu, ni namba za chaki, ameziweka ili tuone. Ila sikilizeni, akasema. Malori ya shaba mnayaona yanapita kila siku kwenda mpakani. Tuseme mwaka kesho yanapita mara mbili. Beseni limekua. Kama yule anayechimba na yule anayeendesha wanapata tonge lile lile la jana, hakuna aliyepunguziwa hata senti, lakini sehemu ya kazi imeshuka. Niliacha kucheka. Nakwambia kweli, nilihisi kama mtu amenivua kofia kwa nyuma. Siku zote nilikuwa nafikiri kwamba mtu anakuwa maskini kwa kunyang'anywa. Kumbe unaweza kukaa pale pale na tonge lako mkononi huku wenzako wanabadilisha beseni. Kisha akatuuliza juu ya mama anayeuza nyanya kwenye meza yake mwenyewe: akirudi jioni na pesa, ipi ni malipo ya miguu yake na ipi ni faida ya meza? Tulibishana mpaka kengele ikalia. Monsieur akasema tusione haya, hata wataalamu wanajikuna kichwa hapo, ndiyo maana wakaliita pato mchanganyiko. Akatupa kazi ya nyumbani: kila mtu atafute mtaani kwake kitu ambacho watu wanakitengeneza na kugawana, atuonyeshe sehemu ya kazi ni ipi. Na alete ushahidi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na moto. Nikaanza kuona sehemu ya kazi kila mahali: kwa dereva wa taxi na mwenye gari, kwa msusi na mwenye kiti cha saluni, hata kwa padri na kikapu cha sadaka, hapo mama alinitazama nikahama haraka. Jioni ile nilichukua mwiko nikagawa bukari upya mezani, mdogo wangu aliyeteka maji na kuwasha makaa nikampa tonge la kichifu, mwenzake aliyeshinda kwa rafiki nikampa la sisimizi, vita vikaanza. Katikati ya vita nikamuuliza mama: kule Golf, wewe ni mkono gani? Akajibu bila kufikiri kwamba ni wa kwanza, wa kuchoka. Nikamuuliza: na Kasungami, na Papa Mwansa? Mkono wake ukasimama juu ya mboga. Aliniambia nile, chakula kinapoa.

Papa Mwansa ndiye mpiga matofali wetu. Mzee mrefu, mkimya, vidole vimepasuka kama udongo anaoukanyaga, anafanya kazi na wapwa zake wawili. Mapatano yalikuwa haya: mama anatoa kiulu, maji, kuni, na chakula cha mchana. Wao wanachimba, wanakanyaga, wanapiga kwenye kalibu ya mbao, wanaanika, wanapanga tanuri na kuchoma. Katika kila matofali kumi, saba ya mama, matatu yao. Ndivyo watu wengi wa Kasungami wanavyopatana. Na kuna jambo moja ambalo kila mtu pale analijua, mimi nikiwemo, sitajifanya sikulijua. Kwa kuwa majirani mara nyingi huchangia tanuri moja ili kuni zisipotee, kila tofali huwekwa alama likiwa bado bichi, na alama huwekwa na mwenye udongo au mtu wa nyumba yake. Wengine huchora msalaba, wengine kidole gumba. Moto ukishapita, alama ndiyo inayosema tofali ni la nani. Hakuna kuuliza tena tulisemaje siku ile.

Ile Jumamosi mama alikuwa Golf, patron wake ana wageni. Papa Mwansa na wapwa zake walikuwa wameenda kuchukua kuni alizozinunua mama. Nilibaki peke yangu na matofali yamelala chini kama wanafunzi waliokatazwa kusimama, laini, yananukia mvua. Nikakumbuka kazi ya Monsieur. Mpango wangu ulikuwa mzuri, hata leo nautetea: naandika KAZI na MALI, napiga picha na simu, nafuta kwa kiganja chenye maji, naweka mistari ya mama, naenda. Niliandika. Nilipiga picha. Nikazituma kwenye kundi la darasa, na pale ndipo ushindi uliponipanda kichwani, kwa sababu majibu yalikuja kama mvua ya mawe, na mimi kila jibu ninalijibu. Halafu vijana wa uwanja wa jirani wakaniita, wamekosa kipa. Mimi ni kipa mbaya kuliko wote wa Kasungami, lakini wakikosa, nipo. Niliporudi, jua la kiangazi na ule upepo mkavu wa mwezi wa sita vilikuwa vimemaliza kazi yao. Nikamwagia tofali la kwanza maji, nikasugua, pembe ikatoka. La pili likapasuka. La tatu sikuligusa. Nilisimama pale nikajiambia maneno ya mtu mwenye hatia: nani anasoma matofali?

Jumatatu Monsieur Ilunga aliziona picha akapiga meza. Akamwita mwalimu wa darasa la jirani aje aone. Nikapata kumi na nane juu ya ishirini, mimi ambaye namba zangu zote mpaka siku ile zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Akaniuliza ni nani aliyeamua kwamba wafanyakazi wapate sita. Nikasema mama yangu. Akaniambia nimsalimie sana, ni mwanamke wa pekee. Salamu ile nikaimeza.

Na Papa Mwansa anasoma matofali. Siku iliyofuata nilipowapelekea beseni la chakula, alinivuta kando, ameshika tofali moja kwa mikono miwili vile watu wanavyoshika mtoto wa siku tatu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Jere, ile maandiko, njo Mama alikutuma?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa hapo, wazi, ningeweza kutoka. Nikamwambia ndiyo, Mama njo alinituma. Na kweli alinituma. Ni hiyo kweli moja tu niliyokuwa nayo, nikajificha nyuma yake kama vile ninavyojificha nyuma ya pazia.

Sasa nikuambie nilichokiona baada ya hapo, kwa sababu hakuna kitabu cha uchumi kitakachonitoa kichwani mwezi ule. Wale watu walibadilika. Si kwamba zamani walikuwa wavivu. Lakini zamani saa sita walikula, wakalala kidogo, wakaamka taratibu. Sasa nikifika na chakula nawakuta wanageuza matofali ubavu kwa ubavu ili yakauke sawa, kazi ambayo hakuna mtu huifanya kwa tofali la mwingine. Mtoto wa mpwa akikanyaga ukingo wa tofali, mpwa anapiga kelele kama amekanyagiwa jicho. Mchana mmoja, tumekaa chini tunakula bukari na fretini, vile visamaki vidogo vikavu, niliwasikia wakizungumza kama vile sipo. Mpwa mkubwa anasema watapata mteja mzuri, kuna watu wanajenga karibu. Papa Mwansa akasema hapana, hauzi. Mke wake ameshapima kwa hatua, chumba kimoja na dirisha moja linalotazama barabara. Mpwa akauliza dirisha la nini, wezi wapitie? Papa Mwansa akasema la kutazama watu wanaopita, amejenga madirisha ya watu tangu ujana, anataka kujua yanatumika vipi ukiwa upande wa ndani. Wakacheka wote. Mimi nikaanza kukusanya vyombo kabla hawajamaliza kula.

Ningeweza kusema siku ile. Ningeweza kusema siku iliyofuata pia. Lakini nitakuwa mwongo nikisema kwamba niliteseka. Nilifurahi, ndugu yangu! Mitihani ilipoisha nilikuwa natoka nyumbani mbio mpaka Kasungami, navua shati, nabeba. Walinifundisha kupanga tanuri: matofali kidogo yaachane ili moto upumue, mapango mawili ya kuni chini, halafu udongo unapakwa nje mpaka linakuwa kama kiulu kipya. Kuni za mama zilipoonekana hazitoshi, wao wenyewe wakaleta mzigo mwingine, ambao haukuwa kwenye mapatano yoyote. Asubuhi ya kuwasha, Papa Mwansa alijikunja akapuliza, moshi ukatoka mweupe, halafu wa buluu, wapwa wakaanza kuimba wimbo usio na heshima hata kidogo juu ya mke wa chifu, na mimi nikaongeza ubeti ambao siwezi kuuandika hapa kwa sababu mama atasoma. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mimi ni mhalifu. Ilinijia mara moja moja tu, kama mbu.

Tanuri lilifunguliwa Jumapili. Mama, ambaye Golf haikumpa nafasi ya kufika huko mwezi mzima, alikuja moja kwa moja kutoka misa, kitenge kipya, viatu vya kisigino mkononi kwa sababu ya mchanga. Wapwa walibomoa udongo wa nje, na matofali yakatokea, mekundu, mekundu kweli, na ukiyagonganisha mawili yanalia kama chuma. Kwa kawaida tanuri lina hasara yake: yale ya chini yanayeyuka na kushikana, yale ya juu yanabaki mabichi, unatupa rundo zima. Siku ile walitupa machache sana, ungeweza kuyabeba kwa karai moja. Mama alikuwa anacheka, anagonga, anacheka tena. Halafu nikaona Papa Mwansa ameoga na amevaa koti, nikajua nimekwisha.

Alivua kofia akaanza kuzungumza. Alimshukuru Mungu, akaishukuru afya, halafu akasema: "Mama Jere, miaka yote niko napiga matofali ya bantu. Hakuna mwenye aliandikaka kazi yetu juu ya tofali. Weye njo wa kwanza."

Mama aliendelea kutabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu ambaye hajaelewa. Akainama akaokota tofali. Akasoma. Akaliweka, akaokota la pili, la tatu, akatembea kando ya rundo akisoma, midomo inatikisika. Kisha akageuka akanitafuta kwa macho, na kunipata hakukuchukua muda, nilikuwa najaribu kuwa mwembamba nyuma ya pipa la maji. Nikasema yote kwa mkupuo: kwamba ni mchezo, ni kazi ya masomo, nilitaka kufuta, kipa alikosekana. Mpwa mdogo aliyekuwa amebeba matofali mawili akayaweka chini polepole.

Papa Mwansa hakukasirika, na ningependa angekasirika. Aliangalia chini akamwambia mama kwamba kama ni mchezo wa mutoto, aseme tu, watarudi kwenye matatu, yeye hawezi kugombana na Mama ambaye amewalisha. Alisema hivyo, lakini kiganja chake kilikuwa juu ya rundo na hakukiondoa.

Mama alikaa juu ya matofali na kitenge chake kipya. Akamuuliza Papa Mwansa, kwa manne tunajenga nini. Akajibu salon na vyumba viwili. Na kwa saba? Vyumba vitatu. Mvua haikuwa mbali, mwenye nyumba alikuwa ameshapaka rangi mlango wetu tukiwa bado ndani. Mama akauliza tena, mbona hasara ni ndogo hivi. Papa Mwansa akafikiri kidogo akasema: "Tulifanya sawa vile ni yetu."

Hapo ndipo mama aliposema jambo ambalo hakuwahi kulisema nyumbani, yeye anayetuletea kila neno la Golf. Alisema mwezi wa kumi na mbili, siku ya karamu, patronne wake, mke wa patron, alimwita mbele ya wageni, akamshika bega, akasema kuanzia Januari huyu mama tunamwongezea mshahara, wageni wakapiga makofi. Januari ikafika, hakuna kitu. Akauliza. Patronne akacheka, akamwambia Mama, yale yalikuwa maneno ya sikukuu, tulikuwa tunafurahi tu. "Nilirudia ku jikoni," mama akasema, "nikakaanga vitunguu." Hakumwigiza patronne. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akisimulia habari za Golf kwa sauti yake mwenyewe. Akasimama, akapangusa vumbi kwenye kitenge, akasema: "Alama imekwisha kupita mu moto. Mubebe yenu."

Papa Mwansa alivaa kofia, akaivua tena, akavaa. Mpwa mkubwa akaenda nyuma ya tanuri akakaa huko muda mrefu kuliko mtu anayejisaidia. Halafu wakaanza kubeba. Na mimi, nitaungama hili pia, sikuona aibu hata chembe, nilikuwa nimewaka. Msumari wangu umehamisha chumba kizima kutoka mkono mmoja kwenda mwingine! Nchi nzima inabishana juu ya mambo haya na mimi nimeyamaliza Jumamosi moja nikiwa naelekea kucheza mpira! Njia nzima ya kurudi nilimweleza mama uchumi. Nilimweleza kwamba beseni lenyewe limekua, kwamba saba za tanuri lenye hasara nyingi na nne za tanuri zima hazitofautiani sana kama anavyofikiri, kwamba Monsieur alimsalimu na kumwita mwanamke wa pekee, samahani nilisahau kumfikishia. Mama alitembea. Viatu mkononi, macho njiani.

Nimeifikiria ile safari mara nyingi nikiwa kwenye kiti hiki kirefu. Nilikuwa nazungumza juu ya sehemu ya kazi kwa mtu ambaye amekuwa sehemu ya kazi tangu kabla sijazaliwa, na ambaye siku ile, kwa saa moja tu ya maisha yake, alikuwa upande wa wenye vitu. Wenye vitu wana ruhusa ya kusema ulikuwa mchezo. Alikuwa nayo mkononi, ruhusa hiyo, hakuna ambaye angemlaumu. Monsieur aliniambia baadaye, nilipomwambia ukweli wote, kwamba ile kumi na nane atairudisha kwa mwenyewe, na mwenyewe ni mama, si mimi. Kwenye karatasi yangu akaacha kumi.

Tulipofika nyumbani mama alibadili kitenge, akawasha makaa, akaweka maji. Mimi bado nazungumza. Akasonga bukari, akawapakulia wasichana, akanipakulia mimi, tonge la kawaida, si kubwa wala dogo. Akanawa mikono, akakaa, akaningoja nimalize sentensi yangu. Halafu akasema hivi, sijaongeza wala kupunguza:

"Jere, nilishika neno yako mbele ya bantu juu uko mutoto wangu. Sasa sikia. Ile matofali yenye ilienda, njo chumba yako. Kesho asubui uende kwa Papa Mwansa umuombe kazi ya kulipwa matofali, iko anatafuta muntu wa kukanyaga udongo. Akikupa tatu ku kumi, usiniletee kilio hapa. Peleka kwa Monsieur."